Bushi Iliyokwisha na Dereva Aliyelaumiwa: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Wanachama wa Tawi



Tumeombwa tuseme mbele yenu habari ya kitu kidogo sana, kitu kinachoweza kukaa ndani ya kizibo cha chupa ya soda. Kitu hicho ni bushi ya plastiki inayokaa katika viungo vya mkono wa gia wa gari la otomatiki. Tumesikia wengine wakinong'ona hapo nyuma kwamba sisi ni watu wa reli, na gari la barabara latuhusu nini? Twajibu kwamba latuhusu. Wengi wetu siku hizi twapewa magari ya kazi kuendesha, na wengine mna kijigari kikuukuu nyumbani ambacho kimenunuliwa kwa mkopo wa ushirika. Tena, jirani yetu mmoja alikaribia kufukuzwa kazi kwa ajili ya bushi hiyo, na habari yake ndiyo iliyomfanya Katibu atuite hapa leo.

Jirani huyo ni dereva, na ni mwanachama wa chama kingine. Jina lake hatulitaji, wala hatutaji mahali alipoajiriwa. Siku moja alisimamisha gari la kazi penye mteremko mdogo mbele ya stoo. Akasukuma mkono wa gia mpaka P, akazima injini, akashuka na karatasi zake za mizigo. Alipofika mlangoni gari likaondoka peke yake. Likarudi nyuma polepole, likavunja lango, na askari wa lango aliruka kando kwa bahati tu. Kesho yake dereva akaandikiwa barua. Barua ilisema kwamba aliacha gari katika N kwa uzembe, kwamba atakatwa mshahara kulipa lango, na kwamba ajieleze kwa nini asiachishwe kazi.

Ushahidi waliokuwa nao ulikuwa huu. Watu wote pale walijua kwamba dereva huyo ana desturi ya kuwasha injini katika N, si katika P kama wengine. Wakasema, basi, mtu mwenye desturi ya N ndiye aliyeacha gari katika N. Maneno hayo yaliwatosha. Yeye akaapa kwamba aliweka P, lakini kiapo cha mfanya kazi hakina uzito mkubwa mbele ya barua yenye mhuri.

Katibu wa chama chake akaja kwetu jioni akaomba mafundi wawili. Tulikwenda, tukazuia magurudumu, tukaingia chini ya gari na taa. Hatukukaa dakika kumi kabla ya kuona. Fimbo ya gia ilikuwa ikining'inia kwenye pini yake kama jino la mzee. Bushi ilikuwa imekwisha kabisa, na vipande viwili tu vya plastiki vilikuwa vimebaki pembeni. Ndani ya gari mkono ulikuwa katika P, lakini huku chini mkono wa giaboksi ulikuwa umesimama katikati ya P na R. Tulimwita msimamizi wa magari, naye akainama na suti yake, akaona kwa macho yake mwenyewe. Na ile desturi ya kuwasha katika N? Dereva hakuwa na desturi yoyote. Stata ilikuwa ikikataa katika P kwa sababu ya bushi hiyo hiyo, naye hakuwa na njia nyingine ya kuamsha injini. Dalili ya ugonjwa wa gari ndiyo waliyomfanyia shtaka.

Sasa tueleze kazi ya kitu hiki, maana neno otomatiki limewadanganya wengi. Wanadhani gari la namna hiyo lajiamulia kila jambo. Kweli, likiwa katika D lajibadilishia gia lenyewe. Lakini kuchagua P, au R, au N, au D, ni kazi ya mkono wa dereva. Na katika magari ya zamani hakuna umeme wala kompyuta inayopeleka amri hiyo. Iko fimbo ya chuma au kebo tu. Mkono wa juu wavuta fimbo, fimbo yavuta mkono mdogo uliopo ubavuni mwa giaboksi, na mkono huo wafanya kazi tatu kwa pamoja.

Kazi ya kwanza ni kusukuma vali iliyo ndani. Vali hiyo yafungua njia za mafuta ya giaboksi, na mafuta yenye nguvu ndiyo yanayobana klachi za ndani. Kazi ya pili ni kufunga ulimi wa chuma wakati wa P. Ulimi huo waingia kati ya meno ya gurudumu lililoko kwenye shafti ya kutokea, na kwa hiyo gari halisogei. Kazi ya tatu ni ile swichi inayozuia stata, ili injini isiamke gari likiwa katika gia. Swichi yaruhusu P na N peke yake.

Basi, fimbo ina pini kila ncha, na pini haikai chuma kwa chuma. Kati yao pana bushi, ya plastiki au ya mpira, ili pasiwe na kelele wala kutafunana. Bushi hiyo yakaa karibu na bomba la moshi, yachomwa na joto kila siku, yanyunyiziwa mafuta na tope, na kwa miaka mingi yakauka na kupasuka. Ikipasuka, mkono wa juu waenda safari yake yote, lakini wa chini hauendi yote. Sehemu ya safari yapotea katika lile pengo.

Ninyi wa mabehewa hamhitaji kuambiwa jambo hili mara mbili. Mnajua fimbo za breki chini ya behewa, pini na bushi, pini na bushi, toka silinda mpaka kwenye kiatu cha gurudumu. Pini moja ikila nusu milimita hakuna anayeona. Lakini pini kumi zikila nusu milimita kila moja, mmekwisha kupoteza milimita 5, na wenzo ukizidisha, pistoni ya breki yatembea mbali kabla kiatu hakijagusa gurudumu. Ndiyo maana karakana yapima safari ya pistoni na kubadilisha bushi, wala haingoji breki ishindwe mlimani. Aendaye kwenye jumba la makumbusho ya reli pale Nairobi aziangalie injini za moshi zilizosimama hapo. Ataona kwamba mikono yao mirefu yote imeshikwa na pini na bushi, na wazee waliozitunza walikuwa wakisikia bushi iliyolegea kwa sikio tu.

Dalili zake katika gari ni hizi. Mkono wa gia wacheza mbele na nyuma kama kijiko ndani ya kikombe. Alama inayoonyesha D au R hailingani na gari linavyokwenda. Stata yakataa katika P lakini yakubali katika N, au yakubali ukitikisa mkono. Taa ya kurudi nyuma haiwaki ukiwa katika R. Na dalili mbaya kuliko zote, gari katika P likisukumwa lasogea. Fimbo ikianguka kabisa mkono wa juu utakuwa mwepesi kama wa mchezo wa watoto, na gari litabaki katika gia ile liliyokuwa nayo.

Iko hasara nyingine isiyoonekana upesi. Vali ikisimama nusu njia, mafuta hayafiki kwenye klachi kwa nguvu kamili. Klachi zateleza, zaungua, na mafuta yawa meusi yenye harufu ya kuungua. Hapo ndipo bushi ya bei ndogo inapokula giaboksi nzima. Gari la jirani yetu lilikuwa limekwisha pelekwa kwa fundi mmoja mjini, naye alisema lataka giaboksi nyingine, kwa bei iliyozidi mishahara mitatu ya dereva huyo. Hatusemi alidanganya. Labda hakuinama. Lakini fundi anayesema giaboksi kabla ya kutikisa fimbo, sisi hatungempa gari letu.

Wala msidhani haya ni mambo ya magari makuukuu ya Afrika peke yake. Mwezi wa Juni mwaka 2022 kampuni ya Ford huko Marekani iliita magari yapata milioni 2.9 yarudishwe kwa ajili ya bushi ya kebo ya gia, ambayo yaweza kuharibika au kuchomoka. Yalikuwamo Escape, Fusion, C-Max, Edge na Transit Connect za miaka mbalimbali kuanzia 2013. Dereva aweza kuweka P na gari lisiwe katika P. Dawa yao ilikuwa kubadilisha bushi na kuifunika kwa kifuniko cha kuikinga, na wakati wa kungoja madereva waliambiwa wavute handbreki kila wanaposimama.

Twende kwenye kazi yenyewe. Tutasema habari ya gari moja linalojulikana sana kwetu, Mercedes-Benz ya namba 123, iliyotangazwa mwaka 1976, maana ingali ikionekana barabarani na ina fimbo ya kweli yenye bushi kila ncha. Magari mengine yafanana nayo, ila yale yenye kebo, bushi yake mara nyingi iko mwisho wa kebo kwenye giaboksi.

Kwanza usalama, na hapa twawaomba msikilize kuliko mahali pengine. Ukichomoa fimbo umechomoa mkono wa dereva. Giaboksi yaweza kuwa katika N na wewe uko chini ya gari. P iliyo juu haina maana tena. Kwa hiyo gari lisimame mahali palipo sawa kabisa, na kila gurudumu linalobaki chini lizuiwe kwa kabari mbele na nyuma, kama tunavyozuia behewa. Handbreki ivutwe, lakini msiitegemee. Gari likiinuliwa lilale juu ya stendi za chuma. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake, na tofali la jengo hupasuka bila kupiga hodi. Toeni ufunguo wa gari na mwutie mfukoni mwenu. Ngojeni bomba la moshi lipoe.

Kisha weka mkono wa gia katika N kabla ya kuingia chini. Safisha viungo kwa brashi na mafuta ya taa mpaka uone klipu. Ondoa klipu kwa bisibisi, ukiishika kwa kidole, maana hurukia majanini na utapoteza saa nzima kuitafuta. Chomoa ncha ya fimbo kwenye pini. Fanya vivyo hivyo ncha ya pili. Usibadilishe bushi moja ukaacha mwenzake, zimezeeka pamoja.

Bushi ya zamani ikatwe kwa kisu kikali na kutolewa vipande vipande. Tundu lisafishwe. Sasa itazame pini kwa mwanga mzuri. Ikiwa chuma kimetafuna chuma kwa muda mrefu, utakuta pini ina mfereji, na tundu limekuwa refu kama yai. Pini ya namna hiyo itaila bushi mpya kwa miezi michache, na yafaa ibadilishwe au ijazwe kwa kulehemu na kukerezwa upya. Ikiwa ina ukwaruzo mdogo tu, ipigwe msasa laini mpaka iwe nyororo.

Bushi mpya ina shingo katikati na midomo miwili, na ukingo wa tundu lazima ukae ndani ya shingo hiyo. Ikiwa baridi ni ngumu, na wengi huipiga nyundo wakaipasua kabla haijafanya kazi hata siku moja. Iwekwe katika maji ya moto kwa dakika chache, ilainike. Ipakwe mafuta kidogo. Kisha soketi iwekwe upande mmoja wa tundu ili bushi ipate nafasi ya kutokea, na upande wa pili isukumwe kwa koleo kubwa la kubana au kibano cha skrubu. Utasikia ikiingia. Izungushe kwa kidole uhakikishe mdomo umetokea pande zote. Paka grisi, rudisha fimbo kwenye pini, lakini klipu ya upande wa giaboksi usiifunge bado.

Hapa ndipo wengi wanapoacha kazi katikati. Bushi mpya imeondoa pengo, na kama mtu fulani huko nyuma aliirefusha fimbo ili kufidia pengo la zamani, sasa kipimo si sawa. Mkono wa juu uwe katika N. Mkono wa giaboksi usukume mpaka mwisho wa upande wa P, kisha rudisha vishindo viwili. Cha kwanza ni R, cha pili ni N. Sasa jaribu kuweka fimbo kwenye pini. Ikiingia yenyewe bila kuvutwa wala kusukumwa, kipimo ni sawa. Isipoingia, legeza nati ya kurekebishia, refusha au fupisha, ujaribu tena. Usiilazimishe. Ikikubali, kaza nati, funga klipu.

Mwisho wa kazi ni kujaribu, na mtu asikae mbele wala nyuma ya gari. Gari likiwa chini, kabari zingali mahali pake na mguu ukiwa juu ya breki, jaribu stata katika kila alama. Iamke katika P na N tu. Taa ya nyuma iwake katika R. Zima injini, weka P, toa kabari na handbreki mahali palipo sawa, sukuma mbele na nyuma. Gari litasogea kidogo sana kisha litashikwa. Ndipo uende mteremkoni.

Twaulizwa kila mara, bushi yenyewe ikikosekana? Pale Kirinyaga Road, ambako wazee bado waita Grogan, zapatikana za magari mengi, na zapaswa kununuliwa kwa kuangalia ile ya zamani mkononi. Zikikosekana, fundi mwenye mashine aweza kukereza moja toka fimbo ya nailoni, nasi tumeona za namna hiyo zikifanya kazi vizuri. Bushi ya shaba hatuipendi mahali hapa. Yapiga kelele, yapeleka mtikisiko wa injini mpaka mkononi mwa dereva, na isipopata grisi yaila pini. Kipande cha malapa au cha tairi kilichofungwa kwa waya kitakufikisha nyumbani siku ya mvua, na huo ndio mwisho wa kazi yake. Tumeona magari yenye waya wa miaka miwili, na mwenye gari ajivunia. Huyo anangoja siku yake.

Dereva naye awe na desturi hii mteremkoni. Mguu juu ya breki, mkono katika N, vuta handbreki, achia mguu kidogo gari lilale juu ya handbreki, ndipo uweke P. Kwa njia hiyo ule ulimi wa chuma haubebi uzito wa gari zima, na siku bushi itakapokwisha, bado handbreki ipo.

Lakini mtasema, jirani yetu mbona hakuvuta handbreki? Aliivuta. Waya wake ulikuwa umelegea tangu zamani, na yeye alikuwa ameandika habari hiyo mara mbili katika kitabu cha gari, pamoja na tarehe, na pia kwamba stata yakataa katika P. Hakuna aliyesoma. Sisi tulionyesha bushi, lakini kilichofuta barua hasa ni kile kitabu. Msimamizi hakuweza kusema hakuambiwa. Barua ilifutwa wiki ile ile, mshahara haukukatwa, na gari likatengenezwa kwa bushi mbili na waya wa handbreki.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atunze vyombo vya kazi viwe salama, na yamtaka mfanya kazi atoe habari ya hatari anayoiona. Kusema kwa mdomo langoni, msimamizi akiwa anakunywa chai, ni kutoa habari, lakini kesho hakuna atakayeikumbuka. Kwa hiyo kila dereva wa tawi hili atapewa karatasi na Katibu baada ya mkutano huu. Andikeni namba ya gari, tarehe, saa, na mlichoona kwa maneno mepesi, kama vile, mkono wa gia wacheza, gari lasogea katika P. Msiandike sababu msiyoijua. Tieni sahihi, na msimamizi atie yake. Akikataa, andikeni kwamba amekataa na jina la aliyekuwapo. Nakala ni tatu. Moja ni ya msimamizi, moja ya ofisi ya chama, na moja mkae nayo nyumbani.